Karatasi ya Soya

Likizo ile niliporudi kutoka chuo kikuu, Uganda, nilimkuta mtoto wa dada yangu amevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu kama ndevu za mahindi. Dada alikuwa amemwachisha ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine. Mumewe alifanya kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi, hapo Mpanda.

Mama mkwe wa dada alisema mtoto amebemendwa: wazazi walilala pamoja angali ananyonya, na ugonjwa ule ni aibu yao. Mtawa wa zahanati alisema mtoto anakosa chakula cha kujenga mwili. Akampa dada mfuko wa soya, punje za duara za manjano, na karatasi ya maelekezo. Dada hakujua kusoma.

Sikumwamini yeyote. Nilikuwa nimesoma kwamba ng'ambo soya hukamuliwa mafuta, ng'ombe wakalishwa makapi. Sokoni walisema ni dawa ya kufunga vizazi vya wanawake wetu. Hilo niliona ni upuuzi, lakini nilijiuliza: zahanati isiyo na bandeji za kutosha imepata wapi soya ya kugawa bure?

Karatasi niliichukua mimi.

"Unatafuta nini humo?" dada aliuliza.

"Nataka kujua imepigwa chapa wapi."

"Bwana Chuo, ukishapajua, mtoto atashiba?"

Nikaichomeka ndani ya kitabu changu. Dada akaifanya soya kama anavyofanya mahindi: akaitwanga, akachekecha, akakoroga uji, ulipochemka tu akaipua. Kesho yake mtoto akaanza kuharisha. Mama mkwe aliliangalia tumbo la dada, basi.

Nikanywa bakuli zima la uji ule ili nipate ushahidi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimekwenda chooni mara nne. Nilikwenda zahanati nikiwa na hasira na, nakiri, furaha kidogo.

Mtawa, mama wa Kifipa asiye na haraka, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mliichemsha kwanza?"

"Kwanza kabla ya nini?"

"Kabla ya kuikausha na kuikaanga. Soya isiyoiva vizuri inasumbua tumbo. Imeandikwa nyuma ya karatasi. Kwani hamkupewa karatasi?"

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe huila.

"Kila Ijumaa, siku tusiyokula nyama, dagaa wa Ikola wasipofika kutoka ziwani," akasema, akanipa chumvi na sukari za kumchanganyia mtoto kwenye maji yaliyochemshwa.

Nyumbani nilikifungua kitabu. Karatasi nilikuwa sijaigeuza hata mara moja. Nilimweleza dada. Alikuwa amempakata mtoto ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Sasa soma," alisema. "Yote. Usiruke."

Mtoto alipoacha kuharisha, dada alianza upya: akachemsha, akasugua maganda, akaanika, akakaanga mpaka ikanukia, ndipo akasaga. Uji wa kwanza akaniletea mimi.

"Tangulia wewe. Tumbo lako ndilo lililosoma."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nilikunywa, tukangoja mpaka mchana, ndipo mtoto akapewa. Huku nyuma mama mkwe akamwogesha mjukuu wake kwa dawa ya mizizi, akamhamishia dada chumbani kwake mwenyewe, mbali na mumewe.

Likizo ilipoisha miguu ya mtoto ilikuwa imenywea, na nywele nyeusi zilikuwa zinachomoza chini ya zile nyekundu.

"Mizizi hiyo," alisema mama mkwe.

Nilitaka kumbishia. Lakini uji na mizizi vilianza wiki ileile, kwa mtoto yuleyule, na hakukuwa na njia ya kuvitenganisha. Hata leo sina.

Stesheni, kabla treni ya Tabora haijaondoka, dada alinirudishia karatasi.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi naijua mbele na nyuma."