Tarumbeta la Muriuki Liliita Mara Moja

Ninyi mliokulia upande wetu wa Nyeri, kule juu ambako mashamba ya chai yanaishia na msitu unaanza, hamhitaji kuelezwa ukungu wa mwezi wa saba. Watoto wa siku hizi huupiga picha na simu, wakauwekea muziki, wakauita mrembo. Sisi tuliuvaa. Uliingia ndani ya sweta la shule, ukatua kwenye nyusi, na kufikia kengele ya kwanza darasa zima lilikuwa na mvi. Tulitembea miguu mitupu, na nyasi zilikuwa baridi hivi kwamba tukipata mahali ng'ombe alipolala tulisimama hapo kwa zamu ili nyayo zipate joto. Najua kuna anayesoma hapa ambaye alifanya hivyo na hajawahi kuwaambia watoto wake.

Tulicheza kati, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati akwepe, kwa mpira wa karatasi na kamba za migomba. Tuliteleza mteremkoni juu ya gunia mpaka kaptura zikatoboka, tukarudi nyumbani tukitembea kinyumenyume ili wakubwa wasione. Tulikula viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, ganda jeusi, ndani vikiwa na moshi kidogo. Aliyeumwa na tumbo alipewa strungi, chai isiyo na maziwa, ya tangawizi akaambiwa anyamaze, na alinyamaza. Leo mtoto akikohoa mara moja, mama yake anapiga picha koo na kuituma kwa kikundi cha kina mama.

Mama yetu alikuwa na sheria nyingi, na nyingi nimezisahau. Moja sikuisahau. Ukiitwa ndani ya ukungu, usiitike mara ya kwanza. Ngoja uitwe tena.

"Mtu huita mara mbili," alisema akimenya viazi, bila kuinua macho. "Kile kingine huita mara moja."

Hatukuuliza kile kingine ni nini. Nyumba zote za upande wetu zilikuwa na sheria hiyo. Ndiyo sababu asubuhi za Julai ungesikia majina yakivuka bonde mara mbilimbili, "Karimi, Karimi," "Baba Ndung'u, Baba Ndung'u," na katikati ya mara ya kwanza na ya pili kijiji kizima kilikuwa kimya, kila mtu akisubiri kujua kama ni mtu.

Baba alifia kwenye machimbo ya mawe. Mwaka uliofuata Mama naye akaondoka kwa ugonjwa uliomla polepole. Mimi ndiye mkubwa, jina langu Nyambura, na nilikuwa na miaka kumi na minne. Wairimu alikuwa na tisa. Muriuki, kitinda mimba wetu, alikuwa na mitano. Wajomba walikaa kwetu siku nzima wakijadili nani amchukue nani. Nikawaletea chai, nikawaambia hatutagawanywa. Jumatatu yake nilikunja sare ya shule nikaiweka chini ya godoro, nikafunga kikapu mgongoni, nikaenda kuchuma chai. Sare haikutoka tena. Sikulia sana. Nilikuwa na watu wawili wa kulisha na sheria za Mama za kulinda, na nilizilinda zote, kwa sababu ndizo pekee alizotuachia ambazo hazikuweza kuchakaa.

Wiki chache baada ya mazishi tulikwenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu. Ukungu ulishuka tukiwa tumeinama. Kisha kutoka chini, upande wa nyumbani, tukasikia: "Wairimuuu."

Ilikuwa sauti ya Mama. Si kufanana. Alikuwa akilivuta jina mwishoni namna ile alipokuwa ametupakulia chakula na hakipaswi kupoa. Wairimu aliangusha kuni zake moja moja. Muriuki alifungua kinywa kuitika, nami nikamziba kwa kiganja. Aliniuma. Aliniuma mpaka damu ikatoka, na sikuondoa mkono. Tulisimama hapo watatu, tukihesabu pumzi, tukingoja mara ya pili.

Haikuja.

"Alikuwa Mami," Muriuki aliniambia jioni, akiangalia kitambaa nilichofunga mkononi. "Ungeniacha niitike."

"Kama alikuwa Mami angeita tena."

"Pengine alikuwa amechoka."

Kovu la meno yake liko hapa kwenye kiganja hadi leo, duara dogo, kama alama ya kifungo.

Tarumbeta alilipata kanisani, katika lile kanisa letu lenye bendi. Alikuwa na miaka tisa. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, mtu aliwahi kulikalia. Muriuki alikuwa na pumu, kifua kikilia kama mlango usio na mafuta, na mwalimu wa bendi alitaka kumpa ngoma. Alikataa ngoma. Akapuliza. Mwalimu akaja mpaka nyumbani kunieleza, kofia mkononi, kana kwamba analeta habari ya msiba.

"Nyambura, hii kifua ya huyu kijana ni ya kuku. Lakini ile kitu anafanya na hewa kidogo, wengine hawafanyi na hewa mingi. Mimi sijui nimfunze nini."

Asubuhi za baridi chuma kiligandisha midomo yake. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila Jumapili, kabla ya kuwasha moto, ilikuwa kukiweka kwapani kile kipande kidogo cha kutia mdomoni, ndani ya sweta, mpaka kipate joto la mwili. Kilikuwa baridi kama chura. Alikipokea, akakigusa kwenye shavu, akasema, "Bado, Mathe." Mathe, yaani mama, ndilo jina alilonipa tangu alipojifunza lugha za mjini. Nikakirudisha kwapani. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha muziki, lakini najua jinsi muziki wa Muriuki ulivyoanza. Ulianza chini ya mkono wangu.

Kituo chake kilikuwa daraja la magogo kule bondeni, mahali njia inapopinda kuja kwetu. Alipotoka mazoezini alisimama hapo akapuliza noti tatu zinazopanda, kuniambia anakuja, niweke maji ya chai. Sauti yangu haikufika bondeni, kwa hiyo nilimjibu kwa kugonga debe mara mbili kwa mwiko, pale mlangoni. Lakini sikugonga mpaka apulize mara ya pili. Jambo hilo lilimuudhi maisha yake yote.

"Mathe, nani mwingine ako na tarumbeta hapa? Ati nipige mara mbili kama muuza mandazi?"

"Sheria ni sheria."

"Hata kifua ikiwa imefunga?"

"Basi piga ya pili kwa upole. Nitasikia."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kukosa pumzi, kilichoishia kwenye kikohozi.

Akakua, akaanza kupiga muziki wa jazi. Aliusikia kwenye kaseti ya mpishi mmoja wa hoteli, akarudi nyumbani hajali chakula. "Hawa watu wanaingia ndani ya wimbo wanapotea kabisa," aliniambia, "halafu wanarudi wakiwa wamebeba kitu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema ndicho alichokuwa anataka kwenda kuona. Alipiga kwenye mahoteli ya Nanyuki, chini ya mlima, na kwenye sherehe za mashamba ya Timau, na wazungu waliacha vijiko. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Mwislamu wa Nanyuki, aliniambia siku ya mazishi kwamba jioni moja, akitoka mnadani Doldol, alisimamisha lori nje ya ua wa hoteli amsikilize kidogo. "Mama, mbuzi walilala wote," alisema. "Mbuzi wa Doldol. Hao hawalali kwa mtu."

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Nairobi walikuwa wamemwita akarekodi nao, na alitaka kuja kunieleza mwenyewe. Akashuka barabarani Jumapili asubuhi, mwezi wa saba, ukungu mzito kiasi kwamba sikuona kikapu nilichokiweka mlangoni.

Nilikuwa nakamua ng'ombe mbele ya mlango. Nikasikia tarumbeta. Noti zile tatu, lakini ya tatu haikufika juu, ilisimama njiani kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema.

Nikaacha kukamua. Nikanyoosha mkono nikashika mwiko. Na nikangoja mara ya pili.

Nataka mwelewe kwamba sikuwa na shaka ni nani. Nilijua. Lakini mwili wangu ulikuwa umefundishwa kungoja, na miaka yote ile kungoja ndiko kulikotuweka pamoja. Ng'ombe naye alikuwa ameacha kucheua. Nilingoja, nikajiambia anacheza, anataka kuona kama nitavunja sheria safari hii. Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nikajiambia, huyu leo sitampa ushindi. Nikarudi kukamua mpaka ndoo ikajaa.

Nilimkuta nilipokuwa napeleka maziwa. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye nguzo ya daraja, tarumbeta mapajani, macho yakiangalia njia ya kwetu. Nilichukua kile kipande cha mdomo nikakiweka shavuni. Kilikuwa na joto bado. Yeye hakuwa nalo.

Daktari aliniambia pumu ilimbana kwenye baridi ile ya kupanda. Nikamuuliza kama angepona iwapo ningeshuka alipopuliza mara ya kwanza. Aliangalia karatasi zake, akasema, "Pengine." Hilo neno nimekaa nalo miaka kumi na minane. Nililisikia kwanza kwa mtoto wa miaka mitano mwenye damu yangu kwenye meno.

Tangu hapo, kila Julai, asubuhi moja au mbili, tarumbeta huita kutoka darajani. Noti tatu, ya tatu haifiki. Mara moja tu. Wairimu, aliyeolewa Kutus, husema ni king'ora cha kiwanda cha chai, upepo unakipinda. Inawezekana. Lakini king'ora hulia kila siku, na ng'ombe hawaachi kucheua. Nami kila mara nimesimama mlangoni, mwiko mkononi, nikingoja mara ya pili, kama mtu anayetaka kuadhibiwa na sheria yake mwenyewe. Kisha nimeweka mwiko chini.

Mwaka huu binti wa Wairimu, Shiku, alikuja kwangu likizo. Ni msichana mzuri, ana miaka kumi na sita, huniita Tata, yaani dada ya mama, na anatembea na simu kama sisi tulivyotembea na vidonda vya magoti. Hula viazi vitamu kwa uma. Siku ya kwanza, intaneti ilipokataa kushika, aliniuliza kwa utani kama ukungu wetu una nywila. Nikamwambia kwetu ukungu hauna nywila, unaingia wenyewe.

Asubuhi ya tatu tulikuwa jikoni. Aliniona naweka maji. Tarumbeta likaita.

Shiku akainua kichwa kutoka kwenye simu. "Tata, nani huyo anapiga?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikashika mwiko. "Umesikia?"

"Si nimesikia. Ako huko chini." Alingoja kidogo, akaniangalia nilivyosimama na mwiko wangu. "Na mbona humjibu?"

Nikaanza kumweleza. Mtu huita mara mbili, kile kingine huita mara moja. Nilifika katikati nikajisikia nikiyasema kwa sauti ya Mama, bila kuinua macho. Nikaona kuni zikianguka moja moja miguuni mwa Wairimu. Nikaona kovu.

"Lakini kama ni mtu unamjua," Shiku alisema polepole, kwa vile aliona uso wangu, "si mara moja inatosha?"

Nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Nikalichukua debe, lile lile, limetoboka chini, nikaligonga mara mbili kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, kisha kwa sababu mkono ulikuwa umeanza sikuuzuia, nikaligonga tena kwa ajili ya Mama, aliyeita siku ile ya kuni.

Hakuna kilichojibu. Bonde lilipokea sauti ile likanyamaza, na baada ya muda ng'ombe akaanza kucheua. Shiku alikuwa amesimama nyuma yangu, simu mfukoni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Amesikia?"

"Amesikia."

Tulirudi ndani. Bila mimi kumwambia, alitoa vikombe vitatu. Nilijaza vyote.

Enzi zetu hatukuwa na kitu, lakini tulikuwa na majina yetu, na tuliyalinda hivi kwamba hata waliotupenda walilazimika kubisha mara mbili. Watoto hawa huitwa mchana kutwa na watu wasiowajua, na huitika wote, papo hapo, kwa kidole gumba. Nimewacheka miaka mingi kwa hilo. Sasa debe langu liko nje ya mlango, mwiko juu yake. Mtu yeyote akiniita kutoka ng'ambo ya daraja, aliye hai au asiyekuwa hai, sitamchosha kwa kumngojea aite mara ya pili.