Kanisa Lililogeuzwa Ukutani

Ubani unafuka ndani ya kanisa hili kongwe la mawe, na mimi kwa mawazo nimerudi Darsait, mtaa niliokulia, chumbani kwa yaya wetu Mkenya. Alikuwa ametundika picha ya kanisa kama hili, la minara miwili.

"Wenye walichimba msingi walikufa hata hawajaona paa," aliniambia.

Siku moja nyumba ilijaa wageni, bibi yangu akaenda kuswali chumbani kwa yaya. Kwa ajili ya masanamu ya watakatifu mlangoni mwa lile kanisa, aliigeuza picha ikatazama ukuta, kisha akasahau kuirudisha. Yaya aliikuta hivyo, akaitia sandukuni.

"Mwanangu, nilisahau tu. Nnakuomba uitundike," bibi alimsihi.

"Ni sawa tu, mama."

Hakuitundika. Tangu siku hiyo, kila bibi alipofukiza ubani alianzia chumba kile, akasimama na chetezo chake mbele ya ukuta mtupu.