Sahani ya Kwanza ya Msiba

Mwanamke aliyenivunjia kazi yangu mjini Arua hakunipiga wala hakunitukana. Alisema jambo moja tu, akiwa anamenya vitunguu kwenye baraza ya hoteli yake, ng'ambo ya barabara nilipokuwa nikipikia. Alisema maji yangu nayachota bondeni, kwenye kile kijito kinachopokea uchafu wa mtaa mzima. Alisema hivyo mwaka ambao homa ya matumbo ilikuwa imelaza watu wengi, kwa hiyo hakuhitaji kulisema mara mbili.

Nataka ieleweke mapema kwamba sikumsamehe. Watu wa kanisani kwangu wanapenda visa vinavyoishia kwa kukumbatiana na kulia pamoja. Wakatafute kwingine.

Mtaa wetu ni mfupi. Uko upande wa barabara ya kwenda Onduparaka, na ukianzia kwenye mashine ya kusaga unga ukatembea taratibu, ukisalimia kila baraza, unafika msikitini kabla hujatoka jasho. Katikati hapo kuna fundi cherehani na mkewe, duka la dawa, kinyozi anayechaji simu za watu, na stendi ya bodaboda chini ya bati moja. Siku hizo tulikuwapo pia sisi wawili tuliouza chakula. Kila mtu alijua mwenzake anakula nini na saa ngapi. Ukipita bila kusalimu, jioni hiyo hiyo watu wanauliza nyumbani kwako kama kuna mgonjwa. Nilipenda sana jambo hilo mpaka siku liliponigeukia.

Nilikuwa na meza mbili, mabenchi manne na turubali. Nilipika enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, na angara, wale samaki wadogo wakavu, kwa karanga ya kusaga. Sijisifu bure, angara yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote barabarani. Siku za mechi mashabiki wa timu ya mpira ya Onduparaka walipita kwa miguu na ngoma zao, wakasimama kwangu kwanza, wakala wima kwa sababu mabenchi hayakuwatosha. Maji nilichota kwenye kisima cha kupampu karibu na shule. Nilikwenda alfajiri, kabla foleni ya jerikeni haijawa ndefu, ili niwahi kuwasha moto. Hilo ndilo kosa langu. Nilichota wakati hakuna macho, na mtaa kama wetu humwamini mtu kwa yale uliyoyaona.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa dereva wa bodaboda, tena akiwa na tonge mkononi.

"Mama, maji yako inatoka wapi?"

"Kwa pampu. Kwa nini?"

"Hapana kitu. Watu inasema tu."

Nilicheka. Ningejua, nisingecheka. Siku ya pili yule dereva hakuja. Siku ya tatu mwenye duka la dawa alisema leo hana njaa, na nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara akifuta midomo. Mke wa fundi, ambaye tulikuwa tukisukana nywele, ndiye aliyeniambia neno limetoka kwa nani. Kisha ikafika siku ya mechi. Wale mashabiki walikuja wakiimba, na walipokaribia turubali langu wakavuka kwenda upande wa pili, bado wanaimba. Nilikuwa nimepika masufuria mawili. Nilisimama pale na mwiko mkononi, na watu wote wa mtaa waliniangalia nikisimama.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo, nikavuka barabara mbele ya wale wale waliokuwa wanakula.

"Dada, mimi nilikukosea nini?"

"Mimi hapana sema kitu," alijibu, mikono kiunoni. "Ni watu ndio inasema."

Nyuma yake mama yake mzee alikuwa akisonga ugali. Kila mtu alijua kwamba mzee huyo ndiye mpishi wa hoteli ile, na kwamba binti kazi yake ni kukaribisha wateja na kushika funguo. Mzee aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha kwenye sufuria. Alijua ni uongo. Hata hivyo alinisalimia kila asubuhi kutoka ng'ambo, mpaka siku niliyofunga turubali langu.

Nilihamia Koboko, mji wa mpakani, kwa binamu yangu. Nilipata kibanda karibu na soko, nikapikia madereva wa malori na wafanyabiashara wanawake kutoka Sudan Kusini. Muhogo na maharage waliniletea wanawake wa vijiji vya Lobule kwa baiskeli. Biashara ilikwenda vizuri, na ubaya ni huo. Kila aliyesifu chakula changu alinikumbusha wale walioogopa kukila. Mteja mmoja, mama wa Kisudani aliyeuza mashuka, aliniuliza siku moja, "Wewe mutu ya Arua, unatafuta nini huku?" Nikasema natafuta riziki. Uongo mtupu. Nilikuwa nalea hasira yangu mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia niiache.

Mwaka wa tatu nikarudi. Nilikodi baraza karibu na mashine ya kusaga, mtaa ule ule, nikapanga mabenchi. Walionijia walikuwa wageni wa mjini tu. Wenyeji walinisalimia vizuri kabisa, wakaniuliza habari za Koboko, wakaenda kula kwake. Nikaona wazi kwamba hata nikichota maji saa sita mchana na tarumbeta juu, haitasaidia. Aliyelifunga jina langu ilibidi alifungue mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Hapo nikajiunga na kundi la wanawake la mazishi.

Mtaani kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto. Wanawake wa kundi wanakuja na masufuria makubwa na sahani, na kwa kila msiba kuna mmoja mwenye zamu. Yeye ndiye anayepika chakula cha wafiwa, na yeye ndiye anayempelekea mfiwa mkuu sahani ya kwanza, anamnawisha mikono, na mfiwa lazima ale. Zamani mtu aliweza kusema hana hamu. Lakini kulitokea ugomvi, mama mmoja akakataa chakula cha mwenzake msibani, na ikawa ni sawa na kumwita mchawi. Basi mwenyekiti akaweka sheria: atakayekataa sahani, kundi linakunja mkeka na kuondoka na vyombo vyake. Mwenyekiti huyo alikuwa ni yeye, mbaya wangu. Hakuweza kunikataa kundini pia, maana kundi ni la kila mwanamke anayewasha jiko mtaani. "Karibu, dada," alisema akiangalia simu yake.

Sikumwombea mtu kifo. Naweza kula kiapo kwa hilo. Lakini orodha ya zamu niliijua kwa moyo, na mvua zilipoanza, mama yake mzee akaanza kulala mchana, kisha akaacha kutoka, nilikwenda kwa mke wa fundi.

"Zamu inayofuata ni yako. Nipe mimi."

"Kwa nini, dada?"

"Nipe tu."

Alielewa. Akanipa, na sidhani kama amejisamehe.

Mzee alifariki, tukamzika nyuma ya nyumba yao, adhuhuri, mtaa mzima ukiwapo, Wakristo na Waislamu. Nililia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, maana mama yule alikuwa mpishi hasa. Kisha nikabeba jerikeni kichwani, nikaenda kwenye pampu, nikarudi kwa njia ndefu, katikati ya viti vya waombolezaji, maji yakinidondokea mabegani. Nikayamimina sufuriani polepole ili kila mtu asikie. Nilifanya hivyo mara tatu. Jerikeni moja ingetosha.

Nikapika kama sijawahi kupika. Angara niliiosha, nikaikaanga kidogo, nikaiweka kwenye karanga mpaka ikatoa mafuta juu. Nikapakua sahani, nikachukua birika na beseni, nikaenda kwenye mkeka alipokaa amenyolewa kichwa, macho yamevimba. Nilipiga magoti kama desturi inavyotaka. Nikamnawisha.

Aliangalia sahani. Akaniangalia. Watu wote walitugeukia, kwa sababu hakuna mtu mtaani ambaye hakujua nilikuwa nafanya nini. Nilijawa na furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, pale pale, hatua chache kutoka kwenye udongo mbichi.

Alikata tonge, akachovya, akala. Alikula la pili. Kisha akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ile maneno ya maji, mimi nilitunga. Chakula yako ilikuwa inashinda chakula ya mama."

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka yote, na lilikuwa limetoka.

"Sisikii," nilisema. "Sema na nguvu."

Mke wa fundi alinishika bega. "Inatosha, dada. Leo ni msiba."

Niliuondoa mkono wake. "Sema na nguvu, watu wote isikie."

Akasema. Alinyoosha shingo, akatangaza mbele ya wazee, mbele ya padri na majirani wa msikitini, kwamba alinisingizia, kwamba maji yangu yalikuwa safi siku zote, kwamba alikuwa na wivu. Sauti ilimkatika mara mbili na mara zote mbili nilingoja amalizie. Kisha nikamwambia, "Sasa kula umalize." Nikabaki nimepiga magoti mpaka akafuta sahani kwa kidole.

Nilipoinuka, nilitegemea macho yote yawe kwake. Yalikuwa kwangu.

Nilipata nilichotaka. Ile hoteli yake ilifungwa baada ya arobaini, maana hakukuwa tena na wa kupika. Mabenchi yangu yakajaa. Dereva wa bodaboda alirudi, mwenye duka la dawa alirudi, na siku za mechi watu wanakula wima kama zamani. Wanasifu. Wanalipa. Wanaondoka. Hakuna anayeegemea nguzo akanipa umbea wa kinyozi. Mke wa fundi ananisalimia kwa heshima, kama anavyomsalimia mke wa mchungaji, na nywele zangu sasa nasukwa mjini na mtu nisiyemjua. Kisimani wanawake wananipisha nichote mbele yao, na hawaendelei na mazungumzo mpaka jerikeni yangu ijae. Watu wananiogopa. Nikiulizwa kama ningefanya tena, ningefanya, na labda ningemwambia arudie.

Yeye naye anakuja. Alianza wiki chache baada ya hoteli yake kufungwa, akakaa benchi la mwisho, akaomba enyasa na angara. Kupika hajui, na nyumbani hana mwingine. Nilidhani atakuja mara moja halafu aibu imshinde. Anakuja kila siku mchana. Nilijaribu kumwekea ukoko, akala. Namhudumia wa mwisho, na anangoja. Wengine wote wakishaondoka, tunabaki sisi wawili pale barazani, mimi na mwanamke ninayemchukia kuliko wote Arua, na ndiye mtu pekee mtaani ambaye bado ananiuliza habari za nyumbani.