Matangazo Niliyoyakata

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kukata matangazo. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa ndevu zangu bado zinahesabika. Nasaha hii si yangu, ni ya shangazi yangu, muuza baiskeli wa Molo.

Nilijifunza Kifaransa peke yangu, kwa simu, ili nisome majarida ya kwanza ya biashara ya baiskeli kule Ufaransa. Yalitoka wakati baiskeli ilikuwa bado kioja barabarani, na wasomaji wake walikuwa watengenezaji na wauzaji. Shangazi akanialika niwasimulie mafundi na waendesha baiskeli habari za majarida hayo, ukumbini mwa kanisa. Niliogopa. Nikaapa moyoni: wakichoka kunisikiliza, naachana na kazi hii kabisa. Basi nikaisafisha. Katika kila ukurasa niliouonyesha ukutani nilikuwa nimeondoa matangazo ya kengele, taa na viti, nikabakiza makala nzito tu. Niliona matangazo yanaichafua historia.

Mwanangu, watu walipiga miayo hadi nikaona magego.

"Boss," fundi mmoja akaita, "hawa Wafaransa walikuwa wanauza nini hasa?"

Kabla sijajibu, shangazi akasimama. "We kijana, jarida la wafanyabiashara bila matangazo? Umetuletea mchuzi, kuku umemwacha nyumbani! Rudisha."

"Lakini shangazi, kuna maneno mle sijayaelewa."

"Mficha uchi hazai. Onyesha!"

Nikafungua kurasa nzima nilizokuwa nimezihifadhi. Ukumbi ukaamka. Kiti chenye springi, mama juu ya baiskeli akipunga kofia, mafuta ya kupaka makalio yaliyochubuka.

"Kumbe hata wao walichubuka!" mtu akapaza sauti, kicheko kikapasuka. Nilipofika kwenye neno nisilolijua, nilisema silijui. Wakakisia kwa picha, wakabishana: ni breki, hapana, ni pampu! Viazi alivyowapikia wageni shangazi vikapoa mezani, hakuna aliyevikumbuka.

Nasaha ndiyo hii: usiisafishe kazi yako hadi ukaondoa kilicho hai ndani yake. Wapelekee watu ulichokipenda, pamoja na usichokijua. Kuuliza si ujinga. Mungu akubariki, mwanangu, akupe watu wa kukucheka kwa upendo.

Mimi tangu siku ile naonyesha kurasa nzima, na nikialikwa, naenda.