Waya wa Kioo wa Jirani Yangu

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo nalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Nimebeba magunia bandarini, nikauza saruji mfuko mmoja mmoja, nikafungua duka langu Malindi kwa mikono hii. Jirani yangu wa ghorofani, dirisha lake likitazama baraza yangu, yeye kasoma ng'ambo, karithi jina la babu yake na ghala kubwa Bububu. Akinisalimia kwa kidevu.

Miaka ile ya elfu mbili ilikuwa ya hoteli. Moja ikijengwa Chwaka ikataka saruji, na wenye uwezo wa kuipeleka tulikuwa wawili, yeye na mimi. Kila mtu alete bei yake kwenye bahasha iliyofungwa. Nikiikosa tenda ile, nazeeka na rejareja.

Bwana huyu alikuwa na maradhi ya siri. Akiamini watu wa simu wanamsikiliza na kuziuza bei zake. Basi akaleta mafundi kutoka Dar, wakaunganisha mtambo wa simu wa ofisini kwake kule ghorofani na wa ghalani kwa waya wa kioo, nguzo kwa nguzo mpaka Bububu. Anabonyeza namba tatu tu, ghalani kunalia. Siku ulipowashwa akashuka barazani kutukoga na kuturingia.

"Humu unapita mwanga, yakhe. Hapana kiumbe awezaye kusikiliza. Lakini wewe nikueleze nini? Mambo yako magunia."

"Kweli, shekhe. Mimi na mwanga wapi na wapi?"

Sasa, simu ya Bububu ya zamani ilikuwa inakoroma kama mgonjwa. Ukitaka kusikika, usimame dirishani upige ukelele mpaka mshipa wa shingo utoke. Miaka na miaka ndivyo alivyozungumza na ghala lake. Waya ulibadilika, koo halikubadilika. Mtunza ghala wake alituambia simu anaiweka mezani, anasikiliza akiwa mlangoni.

Karibu na siku ya bahasha, dirisha likafunguliwa.

"Haloo, Bububu! Andika! Bei ya Chwaka, mfuko mmoja elfu kumi na moja! Wanskia? Kumi na moja! Na mtu asijue!"

Muuza kahawa akaacha kumimina. Mzee mmoja akajibu, "Naam, tumeskia!" Kule juu hakusikia kitu, mwenye kupiga kelele hana masikio.

Nikaingia ndani nikaandika bei yangu, chini kidogo tu ya ile. Wako wanaoniita mwizi. Mwizi wa nini? Nilikuwa nimekaa kwangu.

Tenda nikaipata. Yeye akawarudisha mafundi, wakapanda nguzo moja baada ya moja kutafuta palipotobolewa. Wakamwambia waya mzima. Akawaita wahongwa, akawafukuza, akalitia kufuli kabati la mtambo, ufunguo akauning'iniza shingoni kama hirizi. Msomi mzima! Lori langu la kwanza lilipokuwa linapakia saruji ya Chwaka, alinipita bila hata kile kidevu.

Kesho yake dirisha likafunguliwa tena.

"Haloo, Bububu! Ile bei ya mbao, andika!"

Biashara ya mbao nilikuwa siijui. Nikavuta mkeka, nikakaa vizuri.