Abiria Asiye na Uhusiano na Dereva

Kaka yangu aliendesha pikipiki ya abiria miaka kumi na saba bila kuanguka hata mara moja, na ndiyo maana pale kijiweni wakamwita Taratibu. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Mteja mwenye haraka hakumpanda. "Ukienda na Taratibu," wenzake walisema, "beba na chakula cha njiani." Yeye alicheka pamoja nao, akasubiri zamu yake. Wateja wake walikuwa wajawazito, wazee na watu waliobeba trei za mayai.

Mimi ni mdogo wake, fundi wa pikipiki. Banda langu linatazamana na kijiwe, yaani pale madereva wanapoegesha na kusubiri abiria chini ya bati walilolisimamisha wenyewe. Kwa kuwa nilimaliza shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, kazi zote za kalamu pale kijiweni zilikuwa zangu: orodha ya zamu, barua, fomu. Kusema mbele za watu kunanishinda. Kuandika kulinifaa kwa sababu mtu anaandika huku amenyamaza.

Kila mwaka kaka alikata bima ndogo, ile ambayo sheria inaidai kwa kila chombo kabla hakijatia gurudumu barabarani. Bima kubwa tuliiona kuwa ni mambo ya wenye magari mapya. Stika aliibandika mbele, na karatasi yenyewe aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti. Hakuna aliyekuwa akiisoma. Tulichokijua tulikijua kwa kuambiana: bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga, na inamlipa abiria uliyembeba. Dereva mwenyewe na pikipiki yake watajua wenyewe.

Na jambo moja zaidi tulilijua sote, bila shaka yoyote. Bima hailipi mke wa dereva. Lilimtokea mwenzetu mmoja mrefu tuliyemwita Mlingoti. Alianguka na mkewe, mke akavunjika mkono, Mlingoti akaenda kudai akarudi mikono mitupu. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Wale hawalipi mke," akawasha pikipiki akaondoka. Kuanzia siku hiyo ikawa kama sheria iliyopigiwa muhuri.

Jumanne moja asubuhi kaka alimpakia shemeji yangu kumpeleka kwa mteja. Shemeji alikuwa akishona mapazia nyumbani, kwa cherehani ya kukanyaga, na siku hiyo alikuwa na mzigo wa mapazia ya nyumba nzima. Kwenye mteremko wa tangi la maji lori moja lilikuwa limemwaga oili, likaenda zake, na hadi leo halijulikani. Kaka hakwenda kasi, hajui hata kwenda kasi. Gurudumu la nyuma lilimponyoka, pikipiki ikalala upande wa kulia, na uzito wake wote ukatua kwenye paja la shemeji. Kaka alichubuka viganja tu.

Nilipofika nilimkuta amelala kando ya barabara, kichwa kwenye magoti ya kaka, ameukumbatia mzigo wake.

"Shemeji," aliniambia, "hebu yatazame mapazia. Yasiguse oili."

Hospitali wakatuambia mfupa wa paja umekatika. Daktari alikuwa kijana, alieleza vizuri. Njia ni mbili. Kupasua na kuweka chuma ndani, na mama huyu atatembea kama zamani. Au kuuning'iniza mguu kwa uzito na kusubiri mfupa ujiunge wenyewe. "Na ukijiunga wenyewe," alisema, "hauulizi kama umenyooka." Gharama ya chuma hatukuiweza. Lakini kama kampuni ya bima ingetoa barua ya kukubali kulipa, hospitali ingempasua mara moja. Tusivuke wiki mbili, daktari alisema. Wakaufunga mguu kwa kamba na mfuko wa mchanga ili usubiri barua.

Jioni ileile mwenyekiti wa kijiwe aliitisha fomu ya madai. Desturi yetu ilikuwa kwamba ajali ya mmoja ni ya wote, na fomu ilijazwa palepale chini ya bati, kila mtu akisikia. Mimi niliketi juu ya kreti la soda, ubao juu ya magoti ukiwa ndiyo meza yangu.

"Andika," mwenyekiti alisema. "Abiria, mwanamke, mshonaji."

Nikaandika.

"Uhusiano na dereva. Andika hakuna."

Kalamu yangu ikasimama. Nilimtazama kaka.

"Mwenyekiti," kaka alisema, "yule ni mke wangu, miaka ishirini na miwili sasa."

"Taratibu, harusi yako nilikula mpaka nikafungua mkanda, sijasahau. Lakini niambie, unataka mke au unataka mguu?"

"Nataka vyote."

"Basi chukua mguu kwanza. Mke hakimbii."

"Na kwa hali ile," mmoja akadakia, "akimbilie wapi?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikawafia mdomoni.

Karatasi ya bima ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeikunjua ili ninakili namba. Nikaanza kuisoma, na nikafika mahali palipoandikwa kwamba bima hii inamhusu abiria mmoja. Nikatafuta neno mke upande ule wa kwanza, sikuliona. Nilitaka kusema, ngojeni nigeuze upande wa pili. Watu zaidi ya kumi walikuwa wamenizunguka, wengine wameshavaa kofia ngumu, na mwenyekiti alikuwa akigongagonga funguo.

"Kaka, niandike?" nikauliza.

Alinitazama kidogo. "Andika," akasema.

Nikaandika, kwa herufi nzuri: Abiria hana uhusiano wowote na dereva.

Kuanzia kesho yake kaka alilazimika kuwa mgeni kwa mkewe. Tuliogopa kwamba mtu wa bima angeweza kuingia wodini saa yoyote. Kwenye kadi ya kitandani, mahali pa ndugu wa karibu, liliandikwa jina la dada yake shemeji, na ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza na kumchana nywele. Kaka alikuja saa ya kutazama wagonjwa na chupa ya uji, akasimama miguuni pa kitanda kofia ngumu ikiwa kwapani, kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

Wanawake wa vitanda vya jirani hawakumpa nafasi.

"Wewe ndiye uliyemwangusha mwenzio?" mmoja alimuuliza, mama mnene aliyefungwa plasta mkono mzima.

"Ndiyo, mama."

"Na bado unakuja na uso huo."

"Mwacheni," shemeji alisema. "Hakukusudia. Asante kwa uji, dereva."

Nilikuwepo siku alipomwita dereva kwa mara ya kwanza. Alilisema vizuri, bila kutetemeka, hata akatabasamu kidogo kama watu wanaotaniana. Lakini kaka alipotoka nje alikaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji machafu, akakaa sana. Kisha akaniambia kwamba mto wa shemeji uko upande usiofaa, kwamba yeye hulalia upande wa kushoto, na dada mtu hajui.

"Nenda ukamwambie dada yake," akasema. "Sema umeona wewe."

Siku ya tisa mtu wa bima akaja. Alikuwa mfupi, mpole, ana faili jembamba na peni mbili mfukoni. Alimkuta kaka amesimama palepale miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa dirishani.

"Mama, pole sana," alisema. "Huyu bwana unamfahamu?"

"Ni dereva. Alinibeba."

"Kwa nauli?"

"Kwa nauli."

"Kabla ya siku hiyo mlikuwa mnajuana?"

"Tunaonana tu barabarani," shemeji akasema, na akatazama dari.

Mkaguzi akaandika. Wakati huohuo muuguzi alifika na mashuka, akasema mgonjwa ainuliwe, na dada mtu alikuwa amekwenda kununua sabuni. Muuguzi akashika kiuno, mkono ukamteleza, ule mfuko wa mchanga ukayumba, na shemeji akabanwa na maumivu.

"Baba Pacha," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, jina alilozoea kumwita nyumbani. "Baba Pacha, nishike."

Kaka alikuwa ameshafika. Kofia ngumu ilibiringika chini ya kitanda. Alipitisha mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya mgongo, shemeji akamzungushia mikono shingoni na kuficha uso, na wakabaki hivyo wakati muuguzi anavuta shuka chini yao. Kaka hakumuuliza pa kushika. Kisha akamlaza, akausogeza mto upande wa kushoto.

Mkaguzi alifunga faili. Alitutangulia kwenye varanda, nasi tukamfuata kama wanafunzi waliokosa.

"Mmeoana miaka mingapi?" aliuliza.

"Ishirini na miwili," kaka akajibu.

"Sasa kwa nini mliandika hivi?"

Kaka hakunitazama. "Tulisikia hamlipi mke."

Yule mtu alitoa kwenye faili nakala ya karatasi ya bima, ileile niliyoishika. Akaigeuza upande wa pili na kutuonyesha kwa kidole. Pameandikwa: abiria ni mtu yeyote, awe amelipa nauli au hakulipa, awe ndugu wa dereva au si ndugu, ilimradi si zaidi ya mmoja.

"Mngeandika mke," alisema, "barua ingetoka Ijumaa iliyopita. Lakini sasa mmetoa maelezo ya uongo, na kuna kifungu chake, hiki hapa. Dai linakufa."

"Mzee," kaka alisema, na huyo mtu alikuwa mdogo kwake, "huwezi kuandika kwamba leo hukutukuta?"

Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nimeandika mpaka pale aliposema mnaonana tu barabarani. Sehemu iliyobaki pia inabidi niiandike. Nisamehe."

Kaka alimshika mkono akamshukuru. Sijui alimshukuru kwa lipi. Kisha akarudi wodini, akavuta stuli, akaketi karibu na kichwa cha shemeji na kumshika mkono, mchana kweupe.

"Heh," mama wa plasta alisema. "Dereva, umezidi sasa."

"Ni mume wangu," shemeji akasema.

Yule mama alimtazama kaka, akamtazama shemeji. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akasema siku zote hizo amemtukana mume wa mtu mbele ya mkewe, na mke anasema mwacheni. Wodi nzima ikacheka. Shemeji naye alicheka, mpaka aliposoma uso wa kaka. Alijua barua haiji.

Tulifanya tulichoweza. Kijiwe kilichanga. Kaka aliitangaza pikipiki, lakini ilikuwa imepinda fremu na watu waliiogopa kwa sababu ya ajali, ikakaa wiki tano bila mnunuzi. Ilipouzwa nami nikapeleka pesa hospitali, daktari alitazama picha akasema mfupa umeshashikana, na umeshikana upande. Kuuweka sawa ni kuuvunja tena.

"Basi," shemeji alisema. "Mara moja imetosha."

Alirudi nyumbani na mkongojo, mguu wa kulia mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu miwili inayoelewana. Alijaribu miezi miwili, mshono ukawa unakwenda pembeni, akaifunika kwa pazia moja lililobaki. Kaka hakurudi barabarani. Sasa anaosha pikipiki za wenzake pale kijiweni kwa ndoo na matambara, na bado hana haraka. Hata kuosha anaosha taratibu, wenyewe wanalalamika.

Nilimfuata Mlingoti mwaka uliofuata. Nilitaka kujua kampuni gani ilimwambia hailipi mke. Aliinamisha kichwa. Alisema hawakumwambia hivyo. Bima yake ilikuwa imekwisha siku nne kabla ya ajali, hakuwa ameikata upya, na akaona haya kusema mbele za watu. Sikumlaumu. Aibu ya kusema mbele za watu naijua.

Kwa kaka nilikaa na jambo langu muda mrefu zaidi. Siku moja, akiosha pikipiki mbele ya banda langu, nikamwambia. Nilimwambia kwamba jioni ile niliishika karatasi, niliisoma nusu, nilitaka kuigeuza na sikuthubutu kuwaambia wangoje.

Alikamua tambara. "Najua," alisema. "Nilikuona unasoma."

"Ulijua?"

"Nilikuona. Nikasema moyoni, mdogo wangu anasoma, kama kuna kitu atasema. Ndiyo maana nilikwambia andika."

Yeye aliendelea kusugua rimu, spoki moja moja, na alipomaliza gurudumu la mbele akahamia la nyuma. Kisha akatazama jua, akasema imefika saa ya kumtoa shemeji yangu nje akae kibarazani, kwa sababu ile ngazi ya mlangoni hawezi kuishuka peke yake. Akaniachia ndoo na tambara, akaenda. Nikaketi kumalizia gurudumu lake.