Nyumba ya Misumari ya Koko Nyiramahirwe

Mume wangu Cubaka ana ugonjwa mumoja ambao hakuna daktari wa Goma ameuweza: hawezi kukaa kwenye kiti cha watu kabla hajakigeuza miguu juu aone kimepigiliwa vipi. Hata kanisani anafanya hivyo. Alifanya hivyo nyumbani kwa baba yangu siku alipokuja kuniposa, mbele ya wajomba wote, akasema, "Papa, kiti hiki kitamwangusha mutu kabla ya Pasaka." Kikamwangusha mujomba wangu siku ile ile. Watu walicheka mpaka wakasahau kudai ng'ombe wa pili. Ndivyo alivyonipata mimi, Christa, ambaye leo ninaitwa Mama Deborah, kwa nusu ya thamani yangu, na mpaka leo ninamukumbusha.

Yeye ni fundi wa mbao hapa Mapendo. Alivuka ziwa kutoka upande wa Bukavu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, musumeno umefungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha mama yake. Akafungua karakana Birere. Mwaka 2002 mulima ukatapika, moto ukapita katikati ya muji, karakana ikaenda na mbao zote. Alibaki na nyundo aliyokuwa ameishika mukononi. Tulioana miezi mitatu baadaye, na mvua ilipogusa yale mawe mapya ya volkano yalikuwa bado yanatoa moshi. Katika picha zetu za harusi huoni watu vizuri. Unaona moshi, na ndani ya moshi meno yangu.

Tangu hapo Cubaka aliapa kutojenga tena nyumba isiyoweza kuhama. Nyumba zetu hapa ni za mbao, zimekaa juu ya mawe bila musingi, maana nani atachimba mawe ya volkano? Wengine wanapiga misumari. Yeye anatumia buloni, zile bolti za kukaza na kufungua kwa spana, na kila ubao anaupa namba kwa makaa upande wa ndani. Mulima ukikasirika, au maji yakija, au mwenye parsele, yaani kiwanja, akisema toka, unamwita Cubaka na ufunguo wake wa buloni, na kabla hujamaliza kulia nyumba yako imelala juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Kesho yake imesimama kwingine, na ubao namba kumi na saba uko pale pale karibu na kitanda chako. Watu wanamwita Papa Buloni. Anajifanya hapendi.

Nyumba moja tu katika muji huu muzima ameipiga misumari, na ndiyo hiyo nusura iniue kwa presha.

Ni ya Koko Nyiramahirwe, bibi mujane kutoka milima ya Masisi, anayeishi na kuku wake wawili nyuma kidogo ya kwetu. Alipofika Mapendo, miaka kumi na miwili iliyopita, Cubaka alimweleza habari za buloni zake kwa majivuno yote. Koko alimusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, nimekimbia mara tano. Mara ya tano nilimwacha muzee wangu chini ya kikwembe, sikupata hata nafasi ya kumuzika. Nyumba ya buloni ni ya mutu aliyekubali kukimbia tena. Mimi nijengee ya misumari. Sitoki tena nyumbani kwangu."

Cubaka akaenda kununua misumari mirefu kuliko kidole changu, akaipiga, akapinda ncha zote upande wa ndani. Kisha akamwambia, "Koko, nyumba hii haihami." Nilikuwepo. Nilimwona akipangusa macho kwa mukono wa shati, na nilipomuuliza akasema ni unga wa mbao.

Na yule mama hatanii. Mwaka 2021 mulima ulipotapika tena na tukaambiwa tutoke, tulitoka mbio, wengine Sake, wengine njia ya Rutshuru, mimi na sufuria kichwani na kiatu kimoja muguuni. Koko alifunga mulango kwa ndani. Tuliporudi, siku nyingi baadaye, tulimukuta amekaa mulangoni anachambua maharagi. Akatuuliza, "Safari ilikuwa nzuri?"

Kumbe adui yake hakuwa mulima. Adui yake alikuwa maji. Mawe ya 2002 yalipita kushoto na kulia kwa parsele yake, yakaacha shimo katikati, na nyumba iko ndani ya shimo. Zamani mvua ilikuwa inajipotezea kwenye nyufa za mawe. Halafu wakamwaga makadamu, ile lami, kwenye barabara ya juu, watu nao wakajenga kila pahali, nyufa zikajaa takataka. Mwaka huu, mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ilizima mbabula yake yenye makaa na sufuria juu. Mvua ya pili ilifika kwenye kitanda. Papa Aubin, shefu wa aveni yetu, mukubwa wa mutaa, alikuja na daftari lake, akainama, akaona jinsi maji yalivyochimba chini ya ukuta.

"Koko, mvua kubwa moja tu," akasema. "Moja tu itabeba nyumba, na weye ndani."

"Basi nitalowana," Koko akajibu.

Tulimwomba wote. Nilimwambia parsele yetu ina nafasi kule juu mugongoni mwa mawe, hatua mia moja tu, aje. Akasema asante. Padri alikuja kumushawishi, akarudi na mayai mawili. Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia, "Koko, sisi ndio tutakaokutafuta kwenye matope!" Akanishika mukono, akasema, "Mama Deborah, ninajua. Lakini mutu anachoka."

Basi Cubaka akachukua mutarimbo, akaenda kujaribu kuifungua nyumba ubao kwa ubao. Ubao wa kwanza ulipasuka toka mwanzo hadi mwisho. Wa pili vilevile. Misumari yake mwenyewe ilimushinda; kuibomoa nyumba ile ilikuwa kuifanya kuni. Na kutoka kwenye tundu la ubao uliopasuka likaja jicho moja la Koko.

"Cubaka, ulisema haihami."

Alirudi nyumbani, akakaa. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Hakula! Mutu asipokula chakula changu damu yangu inapanda, lakini nilipotaka kumupigia kelele nikamwona uso wake.

"Mama Deborah," akasema, "sikumujengea nyumba. Nilimujengea mutego."

Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya ziwa. Mimi hasira nikaipeleka kwa kuku. Kuku wangu mwenye vifaranga alikuwa uwanjani chini ya tenga, kile kikapu kikubwa tunachowafunikia, na nilitaka kumuingiza barazani kabla mvua haijanyesha. Sasa, kuku mwenye vifaranga humubebi, atakutoboa macho. Unalishika tenga, unalisukuma polepole chini, na yeye anatembea humo ndani na watoto wake, hajui kama anahamishwa. Nilikuwa ninasukuma na kunung'unika wakati niliposikia kiti kimeanguka nyuma yangu. Cubaka alikuwa amepiga magoti, anachungulia miguu ya kuku.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Zunguka tena uwanja na hilo tenga!"

Nilizungushwa mara tatu, mimi mama wa watu wanne, na mume wangu akitambaa nyuma ya kuku. Jirani yetu Mama Julienne alichungulia juu ya ua akauliza kama tumekunywa. Cubaka hakumusikia. Mpaka leo anasema wazo lilikuwa lake. Lilikuwa la kuku, na kuku ni wangu.

Akaenda mbio kwa Koko, na mimi nyuma yake. "Koko, nikikuomba utembee ndani ya nyumba yako, utakubali?"

"Ninatembea humu kila siku."

"Na kama nyumba nayo inatembea?"

Nyumba ile haina sakafu, munaelewa. Chini ni changarawe nyeusi tu. Koko alitazama chini, akatazama kuta, akatazama misumari iliyopindwa ncha. Akauliza, "Mulango utafungwa?"

"Kwa ndani. Ufunguo unakaa kwako."

Koko akaanza kucheka. Miaka kumi na miwili sikuwahi kumusikia akicheka vile.

Kwa bahati kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, wakati aveni nzima inatoka asubuhi kusafisha mifereji. Cubaka aliwaomba watu wote kwa Papa Aubin. Gentil, musukuma chukudu mwenye mabega mapana kama mulango, akaja na wenzake kumi. Wakafunga miti mirefu ya mikaratusi pande zote za nyumba, chini na katikati. Kitanda na vyombo tulivitoa? Hapana! Koko alikataa hata kijiko kimoja kutoka. Kitanda kilifungwa ukutani kwa kamba. Kuku walikaa juu ya kitanda. Naye alikuwa ameshawasha mbabula, akasema maharagi yameanza kuchemka na hawezi kuyakatiza.

"Moja, mbili, beba!" Cubaka akapiga kelele. Watu arobaini wakainua, na nyumba ikatoka kwenye mawe yake.

Haki ya Mungu, niliona. Nyumba inakwenda, bati juu, moshi unatoka dirishani, na chini ya kuta, kati ya miguu ya wanaume, miguu miwili midogo ya mama muzee ndani ya sandali za plastiki, inatembea polepole. Mukono mumoja ameshika mbabula kwa mushikio wake. Cubaka alikuwa anakwenda kinyumenyume karibu na dirisha: "Koko, jiwe kushoto. Koko, inua muguu." Na sauti kutoka ndani: "Gentil, polepole, maharagi yangu!" Watoto walikimbia mbele wakiimba. Mutu wa pikipiki alisimama, akavua kofia yake ya chuma kama musiba unapita. Ua wa Mama Julienne uliziba njia, lakini ulikuwa wa buloni; Cubaka aliufungua kwa dakika tano, na Mama Julienne alikuwa akicheka amejishika mbavu.

Tulipofika kwenye mupando wa kutoka shimoni, mvua ikaanza. Matone makubwa, yale yanayouma. Mawe yakateleza. Gentil alikuwa kona ya mbele, muguu ukamuponyoka, akaanguka, na kona nzima ikaanguka naye. Nyumba ikapiga jiwe, ikainama kabisa upande mumoja, bati likalia. Nyumba ya mutu mwingine ingefunguka kama kikapu kibovu, na mbao zote juu ya Koko. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Rwanda.

Misumari ikashika. Hata ubao mumoja haukuachia. Nyumba ilisimama vile imeinama, nzima, watu wameganda, na ndani hakuna sauti.

"Koko!" Cubaka alikuwa amekuwa mweupe. "Koko, uko?"

"Nitakuwa wapi?" Koko akajibu. "Inueni basi. Mutanimwagia maharagi."

Eeh, mama! Watu waliinua huku wanacheka na kulia, hata Gentil na goti lake la damu, hata Papa Aubin ambaye aliweka daftari ndani ya shati na kushika muti. Walipanda mawe yale kana kwamba wanabeba kitanda cha mutoto. Wakaiweka nyumba katika parsele yetu, juu ya mawe manane ambayo Cubaka alikuwa ameshayapanga, na mvua ikafunguka kweli. Maji yalishuka kutoka makadamu, mekundu, na mawe ndani yake. Tuliona kwa macho yetu yakipita katika lile shimo, yakijaa mpaka urefu wa kifua changu pale pale kitanda chake kilipokuwa.

Halafu tukasikia ufunguo ukizunguka, na mulango ukafunguka. Koko alisimama kizingitini, kilemba kimekaa sawa, mwiko mukononi.

"Munafanya nini kwenye mvua?" akasema. "Karibuni kwangu."

Tuliingia kwa zamu, wengine tukasimama chini ya bati. Maharagi yalikuwa yameungua kidogo chini, na sijawahi kula maharagi matamu vile. Mvua ilipopungua, Papa Aubin akatoa daftari lake lililolowana, maana alitakiwa kuandika wote waliohamishwa na maji siku hiyo. Akalamba kalamu. "Nyiramahirwe, mutu mumoja, amehama kutoka..."

"Nani amehama?" Koko akauliza.

"Koko wangu, asubuhi ulikuwa kule chini, sasa uko hapa."

"Nani aliniona nikitoka mulangoni?"

Papa Aubin akatutazama. Midomo arobaini imejaa maharagi, hakuna uliojibu. Akajitazama mikono yake mwenyewe, imechubuka na muti wa mukaratusi. Akakata ule mustari.

"Basi niandike nini, Koko?"

"Andika Nyiramahirwe yuko nyumbani."

Akaandika. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilipogeuka kumutafuta Cubaka, nilimukuta amejibanza nyuma ya mulango, ameshika ncha ya musumari mumoja uliopindwa, anapangusa macho kwa mukono wa shati. Akaniambia ni unga wa mbao. Siku hiyo hakukata hata ubao mumoja.